Mita ya sumaku kwenye bomba la pampu: nimeitumia ukame mzima, haya ndiyo maoni yangu

Nianze na uamuzi kwa wenye haraka. Kama unavuta maji mtoni au bwawani kwa pampu, na kibali chako kimeandikwa lita kwa sekunde au mita za ujazo kwa siku, nunua mita ya sumaku, ile inayopima maji bombani bila kitu kinachozunguka ndani. Ile ya panga linalozungushwa na maji achana nayo. Lakini kabla hujaifunga, hakikisha mto wenyewe una ubao wa kusomea kina cha maji. Bila ubao huo, mita itahesabu kwa usahihi mkubwa maji ya mwisho ya mto wenu.

Mimi ni karani wa jumuiya ya watumiaji maji. Kiangazi kazi yangu ni kuzunguka kwenye pampu za wanachama na daftari mkononi, kusoma mita, kulinganisha na vibali, kisha kupeleka hesabu kwa kamati inayoamua nani apunguze na nani azime. Sina ubia na kiwanda wala muuzaji yeyote. Ninayoitathmini hapa ni aina ya mita. Majina ya viwanda nayaacha, kwa kuwa tulizofunga zimetoka viwanda tofauti na tabia zake zinafanana.

Tulikuwa tunahesabu kwa saa za pampu. Unaandika injini imewashwa saa ngapi na imezimwa saa ngapi, unazidisha na kiwango kilichogongwa kwenye kibati cha pampu. Kibati kikisema lita 25 kwa sekunde, saa moja ni mita za ujazo 90. Kwenye daftari hesabu hiyo inapendeza, shambani haina ukweli. Kiwango cha kwenye kibati ni cha pampu mpya inayonyanyua maji kwa kimo fulani. Mto ukishuka, pampu iliyokaa ukingoni inalazimika kuvuta kutoka chini zaidi, na kila kimo kinachoongezeka kinapunguza maji yanayotoka. Ukikaribia mita saba za kuvuta, pampu nyingi za kawaida zinashindwa kabisa. Mchanga nao unakula panga la ndani mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo wakati wa ukame, ambapo hesabu inatakiwa kuwa sahihi kuliko wakati mwingine wowote, mwenye pampu chakavu anaandikiwa maji ambayo hakuyapata, na mwenye injini mpya anayejua kuikoleza mwendo anavuta kupita alichoandikiwa. Ugomvi mwingi wa mto wetu ulizaliwa hapo.

Mwanachama wetu mmoja, mama mtu mzima ambaye shamba lake ni la mwisho kabla mto haujaingia kwenye mawe, ana pampu ya siku nyingi. Kibati chake kinasema 25. Tulipofunga mita ya sumaku na kuiwasha, kioo cha mita kilipanda hadi lita 14 kwa sekunde na kikaganda hapo. Alinitazama, akatazama kioo, akasema, "Kwa hiyo, mwanangu, zamu yangu ilikuwa inakatwa kwa maji ambayo hayajawahi kufika shambani kwangu." Nilimjibu ndivyo. Kamati ilimrekebishia zamu wiki ileile. Watu wengi wanaichukulia mita kama askari wa kuwakamata. Kwa wanyonge wa mto, mita ni shahidi wao.

Sasa kuhusu mita ya panga, maana ndiyo wauzaji wengi watakayokuonyesha kwanza. Ndani ya bomba kuna panga dogo linalozungushwa na maji, na mizunguko ndiyo inayohesabiwa. Kwenye maji safi ya bomba inafanya kazi vizuri. Mtoni wakati wa ukame maji ni machache, chujio linakaribia tope, na pampu inavuta majani, nyuzi za mwani na mchanga. Nyuzi zinajisokota kwenye mhimili, panga linazunguka kivivu, na mita inasoma chini ya ukweli. Nimefungua moja nikakuta kamba ya mwani imelifunga panga lote, na mwenye pampu alikuwa anamwagilia kama kawaida huku mita ikionyesha karibu sifuri. Mtu mwaminifu anaonekana havuti maji, na asiye mwaminifu hana haja ya kugusa kitu.

Mita ya sumaku haina kinachozunguka. Ni kipande cha bomba chenye koili nje zinazotengeneza uga wa sumaku, na vijiti viwili vidogo vya chuma vilivyo usawa wa ukuta wa ndani. Maji yakipita katika uga huo yanazalisha umeme mdogo sana unaolingana na mwendo wake, kwa kanuni aliyoionyesha mwanasayansi Michael Faraday mwaka 1831. Vijiti vinausoma, mita inazidisha mwendo huo na eneo la tundu la bomba, na kioo kinakupa namba mbili: lita kwa sekunde kwa wakati huo, na jumla ya mita za ujazo tangu siku ilipofungwa. Majani na mchanga vinapita bila kukwama, kwa sababu ndani hakuna cha kukwamia. Wala haiiongezei pampu mzigo.

Ufungaji ndio unaoamua kama umenunua kipimo au umenunua pambo. Mita hii inadhani bomba limejaa. Bomba likiwa nusu, yenyewe inahesabu kana kwamba limejaa, na namba inayotoka haina maana. Kwa hiyo ifungwe pahali ambapo maji yanapanda, au kwenye bonde ambapo bomba limejikunja chini kisha linapanda tena, isifungwe kileleni ambapo hewa inakusanyika. Pili, inataka maji yaliyotulia. Vipeperushi vingi vinataja urefu wa bomba lililonyooka usiopungua upana wa bomba mara tano kabla ya mita na mara mbili baada yake. Kwa bomba la milimita 150 hiyo ni sentimita 75 kabla na 30 baada. Fundi mmoja aliyetumwa na muuzaji alitufungia mita papo hapo baada ya kona ya pampu, kwa hoja kwamba pale ndipo bolti zilipofikika kwa urahisi. Kioo kilirukaruka kutoka 18 hadi 27 bila kutulia. Tuliihamishia mbele kwenye bomba lililonyooka, ikatulia. Tatu, kama bomba lako ni la plastiki, dai pete za chuma za kuunganisha maji na waya wa ardhi. Zisipokuwepo, umeme wa kupotea kutoka kwenye mota unavuruga usomaji.

Lipo jambo moja ambalo hakuna muuzaji aliyetuambia. Pampu ikizimwa na valvu ya mdomoni haishiki vizuri, maji yaliyomo kwenye bomba refu yanarudi mtoni. Yanapita kwenye mita kinyumenyume. Mita nyingine zinayatoa kwenye jumla, nyingine zinayaongeza, nyingine zinayapuuza. Hilo linawekwa kwenye mipangilio, na kila mita yetu ilikuja na mpangilio wake. Kwa bomba linalopanda mlima mrefu, tena kwa mtu anayewasha na kuzima mara nyingi, tofauti inaonekana. Ulizeni siku ya kufunga, andikeni kwenye fomu, na mita zote za mto mmoja ziwekwe namna moja. Sisi tumekubaliana maji yanayorudi yatolewe, kwa kuwa mto umeyapata.

Kioo kinasomeka hata kwenye jua kali. Betri inadumu miaka kadhaa. Jumla haiwezi kurudishwa sifuri na mtumiaji, na lakiri ikikatwa inaonekana. Kwa kazi yangu haya yanatosha. Zipo zinazotuma usomaji kwa simu kila saa. Ni nzuri kwa pampu iliyo mbali sana, lakini kwenye korongo lisilo na mtandao ni betri inayokwisha haraka tu, na mimi bado napenda kufika. Ukifika unaona na mambo mengine, kama bomba la pili lililofichwa kwenye matete.

Kuna wanachama wanaouliza kwa nini wabebe mzigo huu wao, kana kwamba kamati yetu imeubuni. Huwa nawaeleza kwamba mito mikubwa imepita njia hii kwa maumivu. Kwenye bonde la Murray-Darling huko Australia, mwaka 1995 walifunga dari: uvutaji usipite kiwango cha maendeleo cha msimu wa 1993/94, kwa sababu vibali vilivyotolewa vilikuwa vimeuzidi mto. Lakini dari bila vipimo linavuja. Mwaka 2017 zilipotokea tuhuma za watu kuvuta maji kinyume cha taratibu kwenye mito ya Barwon na Darling, uchunguzi ulioongozwa na Ken Matthews ulipendekeza jambo ambalo jimbo la New South Wales lililigeuza kuwa kanuni: bila mita, hakuna kupiga pampu. California nayo ilipitisha sheria katikati ya ukame, mwaka 2015, kwamba anayechepusha maji zaidi ya takriban mita za ujazo 12,300 kwa mwaka apime na atoe taarifa. Uingereza, anayechukua zaidi ya mita za ujazo 20 kwa siku anatakiwa kuwa na leseni, na leseni nyingi za mitoni zina sharti kwamba mtiririko ukishuka chini ya kiwango kilichotajwa, unaacha kuvuta.

Sharti hilo la mwisho ndilo linalogusa upungufu mkubwa wa bidhaa hii. Mita inajua maji uliyochukua. Maji yaliyobaki mtoni haiyajui. Mtu anaweza kuwa ndani ya kibali chake hadi tone la mwisho na bado mto ukakatika mbele yake, kwa sababu kibali kiliandikwa mwaka wa mvua nzuri. Mto Ruaha Mkuu ulianza kukauka kiangazi ndani ya hifadhi mwaka 1993, mto uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, na mabanio ya mashamba ya mpunga kule Usangu yaliyoendelea kuchukua maji msimu wa kiangazi ni sehemu kubwa ya sababu. Sheria za maji za Afrika Kusini ya 1998, Tanzania ya 2009 na Kenya ya 2016 zote zinatambua akiba ya mto: maji ya mahitaji ya lazima ya watu na ya uhai wa mto wenyewe, ambayo hayagawiwi kwa kibali. Na akiba hiyo haipimwi kwenye bomba la mtu, inapimwa mtoni.

Hapo ndipo ubao unapoingia. Ni bati lenye rangi isiyotoka, limechorwa sentimita, linasimamishwa kwenye maji pahali ambapo kingo hazihami. Ni kitu cha bei ndogo mno kikilinganishwa na mita, na kwa maoni yangu ndicho chenye thamani kubwa zaidi kwenye mto mzima. Kinachogharimu ni jedwali lake. Mtaalamu anapima mtiririko wakati mto umejaa, ukiwa wastani na ukiwa umepungua, akisoma mwendo wa maji kwenye kina cha asilimia 60 kutoka juu, sehemu kwa sehemu hadi ng'ambo. Akimaliza, kila kina cha ubaoni kinakuwa na lita zake kwa sekunde. Mafuriko yakihamisha mchanga, jedwali linakuwa limekwisha muda na kazi inarudiwa. Kamati nyingi hazirudii, ndiyo maana mbao nyingi mitoni zinasoma uongo.

Sisi tumepaka mistari miwili ubaoni. Maji yakigusa wa manjano, kila mmoja anashuka hadi nusu ya kibali. Yakigusa mwekundu, pampu zote za mashamba zinazima, yanabaki ya kunywa watu na mifugo. Mahali pa kuweka mstari mwekundu palitugombanisha sana. Wahandisi wengi huanzia kwenye mtiririko ambao mto huufikia au kuupita katika siku 95 kati ya kila 100. Wengine hutumia kipimo cha Donald Tennant, Mmarekani aliyeandika mwaka 1976 kwamba asilimia 10 ya wastani wa mwaka ni ya kuwafanya samaki wasife tu kwa muda mfupi, na asilimia 30 ndiyo inayowapa maisha yanayoeleweka. Mimi nilitetea mstari wa juu zaidi kwenye kikao na nitautetea tena. Mto ukishafika kwenye asilimia 10, hakuna nafasi ya kukosea hata siku moja.

Na hapa mita ya sumaku inarudi kwenye sifa zake, kwa ile namba yake ya kwanza ambayo wengi hawaitazami. Kila mtu anasoma jumla. Mimi nimejifunza kutazama lita kwa sekunde. Tuseme mto una lita 300 kwa sekunde na pampu kumi za lita 25 kila moja. Wote wakiwasha alfajiri kwa sababu ya ubaridi, wanachukua 250 kwa pamoja. Kwa saa tatu mto unabaki na 50, vidimbwi vinakatika, vifaranga vya samaki vinabaki kwenye mchanga, na jua likipanda vimekufa. Jioni ukijumlisha mita za ujazo, hakuna hata mmoja aliyevunja kibali cha siku. Usomaji wa papo kwa papo ndio ulioonyesha kosa, na dawa yake ilikuwa kupanga zamu usiku na mchana ili pampu zisizidi tatu kwa wakati mmoja. Maji yaliyofika mashambani kwa wiki hayakupungua. Mto haukukatika tena.

Kwa wanaovuta bwawani, mita inafanya kazi vilevile lakini ubao unahitaji akili nyingine. Bwawa ni pana juu na jembamba chini, kwa hiyo sentimita kumi za mwanzo wa kiangazi ni maji mengi kuliko sentimita kumi za mwisho wake. Watu wanaona kina kinashuka taratibu wanajipa moyo, kisha mwishoni kinaporomoka kwa uvutaji uleule. Tena maji ya chini kabisa ni ya tope na hayavutiki yote. Cape Town, wakati wa ukame uliofika kileleni mwaka 2018, ilihesabu asilimia 10 ya mwisho ya mabwawa yake kuwa ngumu kutumika, ikapanga kufunga mabomba ya majumbani yakifika asilimia 13.5. Watu walikuwa kwenye lita 50 kwa siku kila mmoja tangu Februari. Mwezi huohuo jumuiya ya watumiaji maji ya Groenland, ya wakulima wa Elgin na Grabouw, ilifungulia jiji lita bilioni 10 kutoka kwenye mabwawa yao. Huwa naitaja jumuiya hiyo kwa wanachama wangu kila tunapobishana kuhusu mita. Huwezi kumpa jirani maji kiasi hicho na kubaki na uhakika wa msimu wako kama hujui unacho kiasi gani.

Asiyetumia pampu asinunue mita hii. Kama maji yako yanaingia mferejini kwa banio, bomba halijai na pesa yako itapotea. Weka ukuta mdogo wenye pengo la umbo la V la nyuzi 90. Maji yakipita pengoni kwa kimo cha sentimita 10, ni kama lita 4.4 kwa sekunde. Yakifika 20, ni karibu 25. Kimo kikiongezeka maradufu, maji yanakuwa zaidi ya mara tano, na hilo peke yake linaeleza kwa nini mtu anayeinua lango "kidogo tu" anawamaliza wenzake wa chini. Kimo kipimwe nyuma kidogo ya ukuta, pale maji hayajaanza kuinama.

Upungufu mwingine wa mita ya sumaku ni mdogo. Vijiti vinapata utando wa tope, inafaa kuifungua na kuifuta mwanzoni mwa kila msimu. Radi iliunguza moja yetu iliyokosa waya wa ardhi. Maelekezo yanayokuja nayo ni ya lugha ya kiwandani na michoro midogo, na ningependa sana wauzaji watoe ukurasa mmoja wa Kiswahili wenye mambo matatu tu: bomba lijae, bomba linyooke, maji yanayorudi yahesabiweje.

Ukienda kununua, omba cheti cha majaribio cha mita hiyo hasa, chenye namba yake, wala usikubali cha mfano wake. Baada ya kuifunga, ijaribuni mbele ya majirani wawili, mmoja wa juu na mmoja wa chini: jazeni tangi linalojulikana ujazo wake kwa kuhesabu sekunde, mlinganishe na kioo, wote watie sahihi kwenye daftari. Sisi tunakubali tofauti isiyozidi asilimia tano. Ikizidi, lakiri haifungwi na pampu haiwashwi mpaka fundi arudi.